Gemu Lubumbashi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kununua, kucheza na kutunza Play

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye vyumba vya Play (vya kulipia kucheza PlayStation) vya mitaa ya Kenya na Katuba hapa Lubumbashi, kwa mafundi wa mjini, na kwenye simu ya yeyote anayejulikana mtaani kuwa ana konsoli nyumbani. Yanaanzia kwa mtu ambaye hajashika maneti (kifaa cha mkononi cha kuchezea) hadi kwa yule ambaye Play yake imemgomea. Msimamo wangu nausema mapema: katika mji huu gemu ya diski inaishinda gemu ya kupakua, na majibu mengi ya hapa chini yanatokana na hilo. Asiyekubali ataona sababu zangu kwenye namba 11.

## Kuanza

1. Yaya (mkubwa wangu), mimi naanza. Ninunue Play gani?

Kwa wengi wa hapa Lubumbashi jibu langu ni PS4 Slim (ile nyembamba) ya okazioni, yaani iliyokwisha kutumika. Mafundi wameshaizoea, maneti zake zinapatikana, diski zake zimejaa mikononi mwa watu, na haili umeme mwingi. Mashine ya kawaida ambayo jirani anaweza kukuazima diski zake ina faida kuliko mashine kali unayoichezea peke yako.

PS2 ilitoka mwaka 2000 na bado haijafa. Ndiyo konsoli iliyouzwa kuliko zote duniani, zaidi ya milioni 150, na FIFA 14 ndiyo iliyokuwa gemu yake ya mwisho ya mpira ya FIFA. Kwa watoto wadogo inatosha kabisa. PS3 ukipewa pokea, lakini usiitafute. PS5 ni nzuri kama dola zipo na umeme wa mtaani kwako hauchezi sana. Pia inasoma diski za PS4, kwa hiyo ulizonazo hazipotei.

Xbox haina ubaya wowote. Ila uliza kwanza nani mwingine anayo hapo mtaani, maana kama hakuna, utanunua kila gemu mwenyewe. Nintendo Switch inakula umeme kidogo na ina betri yake ndani, lakini gemu zake hapa mjini ni za kutafuta kwa tochi.

2. PS4 haijazeeka?

Imezeeka, ndiyo: ilitoka Novemba 2013. Lakini gemu za mpira za kampuni ya EA bado zinatolewa kwa PS4, hata FC 26 ya mwaka 2025. Kinachokuacha nyuma ni gemu kubwa za hadithi. Spider-Man 2 ya mwaka 2023 haipo kwa PS4, na GTA VI imetangazwa kwa PS5 na Xbox Series tu. Kama wewe ni mtu wa mpira, PS4 bado ina miaka. Kama unaisubiri GTA VI, weka pesa yako kwa sasa.

3. Sina pesa ya Play. Je, simu inatosha?

Kuanza, inatosha. eFootball ya simu, gemu ya mpira, ni ya bure, ingawa inataka intaneti kila unapoifungua. Ukitaka kucheza bila mega (data ya intaneti), wengi hapa hutumia PPSSPP, programu inayoifanya simu ya Android icheze gemu za PSP, konsoli ya zamani ya mkononi. Programu yenyewe ni halali. Kunakili gemu ambazo hujanunua ni jambo jingine, na faili za gemu zinazopita mkono kwa mkono huja na virusi mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Kompyuta ya zamani nayo usiidharau. Laptop ambayo mtu ameichoka ofisini inaendesha PES 2013 (ya mpira) na GTA San Andreas bila kulalamika, na ina betri yake umeme ukikatika.

4. Chumba cha Play kina taratibu gani? Sitaki kuonekana mgeni.

Unalipa kwa mechi au kwa dakika. Uliza kabla ya kukaa. Sheria inayotawala karibu kila mahali ni moja: anayefungwa anatoka. Katika vyumba vingine anayefungwa ndiye anayelipia wote wawili, kwa hiyo ulizia hilo kabla mpira haujaanza, si baada ya kula matano. Umeme ukikatika katikati ya mechi, mwenye chumba kizuri anakurudishia mechi yako. Chumba kisichorudisha, usikirudie.

Jambo jingine: usiseti mbinu kwa dakika kumi wakati watu wanane wako kwenye benchi nyuma yako. Chagua timu, bonyeza, cheza.

Chumba ni shule nzuri kwa anayetaka kununua. Kwa pesa ya mechi chache unajaribu gemu kabla ya kutoa dola, na utajua fundi gani wa mtaa anatengeneza mashine za pale. Mwenye chumba ambaye mashine zake zinafanya kazi kutwa nzima anawajua mafundi kuliko mimi.

## Kununua

5. Ninunue wapi: dukani mjini, sokoni, au kwa mtu?

Dukani mjini unalipa zaidi, lakini duka litakuwepo kesho ukirudi na malalamiko. Kwa mtu binafsi bei ni nzuri na mashine mara nyingi imetunzwa, maana mwenyewe alikuwa akiichezea sebuleni. Sokoni kuna vyote viwili, vizuri na vibovu, vikiwa vimefutwa vumbi sawasawa.

Mimi ningenunua kwa mtu, nyumbani kwake, Play ikiwa imewashwa kwenye televisheni yake. Nyumba inaeleza mengi. Ukikuta mashine imewekwa chini sakafuni karibu na jiko la makala (makaa), shukuru na uage.

6. Nikague nini kabla ya kulipa?

Hili ndilo swali lenye pesa ndani yake, kwa hiyo soma polepole.

Kwanza, nenda na diski yako mwenyewe, halisi. Diski ya muuzaji itasoma. Imechaguliwa kwa sababu inasoma. Iweke, itoe, iweke tena, na usikilize. Mlio wa kukwaruza au diski kutemwa ina maana kisomaji kimechoka. Katika PS4 bodi ya kisomaji imeoanishwa na bodi kuu, kwa hiyo huwezi kuchukua kisomaji cha Play nyingine na kukipachika tu (tazama namba 22).

Pili, cheza angalau nusu saa. Matatizo ya joto hayaonekani kwenye dakika tano. Feni ikianza kunguruma kama ndege inayoondoka Luano, uwanja wetu wa ndege, ndani kuna vumbi au pasta ya joto (inayosaidia kupoza chipu) imekauka. Hilo linatengenezeka, ila bei ishuke.

Tatu, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya taarifa za mfumo, na soma namba ya programu ya mfumo. Ikiwa ya zamani sana, huenda mashine imefunguliwa (tazama namba 10). Ingia pia kwenye intaneti kwa simu yako: mashine iliyofungiwa na Sony, wenye Play, haitaingia kwenye PlayStation Network, mtandao wao, na hakuna fundi atakayekuondolea hilo.

Nne, kagua maneti. Acha vijiti bila kuvigusa na utazame kama mchezaji anatembea mwenyewe. Chomeka waya uone kama inachaji. Tazama pia bandari ya HDMI nyuma ya Play: pini zilizopinda ndiyo ugonjwa wa mashine zilizovutwa na watoto.

Tano, muuzaji afute akaunti yake na arudishe mashine kwenye hali ya kiwandani mbele yako. Akikwambia atafanya kesho, na wewe lipa kesho.

7. Nilipe dola au faranga?

Bei ya Play husemwa kwa dola, hata kama utalipa kwa faranga. Kama unalipa kwa faranga, kubalianeni kiwango kabla, kisha uulize kambisti (mbadilisha pesa) wa jirani. Noti za dola zichunguze pande zote mbili: yenye mpasuko mdogo au tundu itakataliwa na kila mtu baada yako, na muuzaji akikurudishia chenji ya noti kama hiyo amekupandishia bei kimyakimya. Kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money kuna faida moja kubwa, nayo ni ujumbe unaobaki kwenye simu na jina la aliyepokea.

Omba matabishi, yaani nyongeza ya bure. Waya wa HDMI, diski moja ya zamani, maneti ya pili hata kama imechoka. Muuzaji aliyekataa kushusha dola kumi mara nyingi hutoa diski bila kubisha.

8. Nina jamaa Johannesburg, Lusaka, Brussels, Marekani. Aniletee kutoka wapi?

Afrika Kusini na Ulaya hazina shida: umeme wao ni wa volti kama zetu. Kutoka Zambia vilevile, na mpaka wa Kasumbalesa ni karibu, ila ongeza ushuru wa mpakani kwenye hesabu yako kabla hujafurahia bei ya Lusaka.

Kichwa cha waya kitatofautiana. Afrika Kusini ni pini tatu nene za mviringo, Zambia pini tatu bapa, sisi pini mbili za mviringo. Usinunue adapta ya kubabaisha. PS4 Slim na PS5 hutumia waya ule wa tundu la namba nane, ule ule wa redio, na unauzwa sokoni kwa pesa ndogo. Badilisha waya wote.

Kutoka Marekani au Japani, soma kibandiko kabla ya kuchomeka. Kikiandikwa 100-240V, chomeka. Kisipoandikwa hivyo, simama. Adapta ya Xbox 360 ya Marekani haivuki volti 127, na PS2 nene ya Japani ni ya volti 100. Ukizichomeka kwenye 220 utasikia harufu kabla ya kuona picha. Diski za PS1 na PS2 nazo zina mikoa, za Marekani hazisomi kwenye mashine ya Ulaya. Diski za PS4 na PS5 hazina mipaka hiyo.

Mwambie jamaa yako abebe maneti na betri ya akiba ya simu kwenye mkoba wa mkononi. Betri za akiba haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini ya ndege.

9. PS5 isiyo na sehemu ya diski ni rahisi zaidi. Niichukue?

Hapana. Ilipotoka Novemba 2020 ilikuwa dola 399 dhidi ya 499 za yenye diski, na tofauti hiyo ya dola mia moja utairudisha mara nyingi kwa mega na kwa gemu ambazo huwezi kuziuza tena. PS5 Slim ina sehemu ya diski inayoongezwa baadaye. Hiyo inakubalika, ukikumbuka kwamba siku ya kuifunga Play itataka intaneti mara moja ili iitambue.

10. Wananiuzia PS4 «craquée» yenye gemu 20 ndani. Nzuri au mbaya?

Ni mashine ambayo ulinzi wake umevunjwa ili isome gemu zilizonakiliwa. Mvuto wake unaeleweka, hasa kwa mtu asiye na pesa ya diski mpya. Lakini fahamu unachonunua: haisasishwi, maana sasisho linafunga mlango uliofunguliwa; ukiiingiza kwenye PlayStation Network inaweza kufungiwa moja kwa moja; gemu mpya inayotaka programu mpya ya mfumo hutaipata; na waliotengeneza gemu hawapati kitu. Na siku unataka kuiuza, itabidi umtafute mtu mwingine anayetaka mashine ya namna hiyo.

Mimi sinunui. Ukinunua, angalau usilipe bei ya mashine safi.

## Diski na gemu

11. Kwa nini unang'ang'ania diski wakati Ulaya kila mtu anapakua?

Kwa sababu huko Ulaya mtu halipi mega kwa kadogo, kidogo kidogo. Gemu kubwa ya leo inapita GB 50 kwa urahisi, na nyingine zinapita 100. Diski ya PS4 inabeba hadi GB 50, na zote hizo zinaingia kwenye mashine bila kugusa forfe (kifurushi cha intaneti) yako.

Pili, diski ni mali. Ukiimaliza unaiuza, unabadilishana, unamwazima shemeji. Gemu uliyopakua imefungwa kwenye akaunti hadi mwisho. Tatu, hahitaji mtu kadi ya benki kuinunua (tazama namba 19).

Ukweli ulio dhidi yangu ni huu: diski nyingi siku hizi zinataka sasisho kubwa siku ya kwanza, na baadhi ya makasha ya PS5 yana diski ambayo haina gemu kamili. Soma maandishi madogo ya kasha. Yakisema intaneti inahitajika, amini.

12. Nitajuaje diski ya bandia?

Za PS4 na PS5 haziwezi kunakiliwa kwenye diski tupu zikasoma kwenye mashine ya kawaida, kwa hiyo bandia si tatizo. Tatizo ni mikwaruzo, na kasha la gemu moja lenye diski ya nyingine ndani. Fungua uone. Za PS2 karibu zote za sokoni ni nakala, na zinataka mashine iliyotiwa chipu.

13. Diski itakuwa na Kifaransa?

Za Ulaya kwa kawaida ndiyo, na nyingi za Marekani zina Kifaransa cha Kanada. Za Afrika Kusini uliza. Nyuma ya kasha pameandikwa. Lugha mara nyingi hufuata lugha ya Play yenyewe, kwa hiyo kabla hujamrudishia muuzaji badilisha kwanza lugha ya mfumo.

14. Namna ya kubadilishana diski bila ugomvi?

Badilishaneni mbele ya macho, diski ikiwa imegeuzwa kwenye mwanga. Kuazima kuwe na siku ya kurudisha inayosemwa kwa mdomo mbele ya mtu wa tatu. Diski iliyoazimwa haiazimwi tena kwa mwingine. Hapo ndipo urafiki mwingi wa mtaa wa Kampemba umeishia. Na kama gemu ina maudhui ya ziada utakayoyapakua, ujue lazima yawe ya mkoa uleule wa diski: diski ya Marekani na akaunti ya Ufaransa hazipatani kwenye hilo.

15. Lini bei inashuka?

Septemba. FC mpya hutoka mwishoni mwa mwezi huo, na wiki hizo kila mtu anataka kuiondoa ya mwaka uliopita. Kama hujali uhamisho wa wachezaji, kaa mwaka mmoja nyuma daima na utacheza kwa sehemu ndogo ya bei. Kumbuka tu kwamba jina limebadilika: FIFA 23 ndiyo ya mwisho yenye jina la FIFA, na tangu Septemba 2023 inaitwa EA Sports FC. PES nayo iligeuka eFootball mwaka 2021 na ikawa ya bure. Anayekuuzia «FIFA 26» kwenye kasha la PS4 anakutania.

16. Mazembe iko ndani ya gemu gani? Na Lupopo je?

Ndilo swali linaloulizwa kwa uchungu zaidi. Linafoot, ligi yetu ya Kongo, haimo kwenye FC, kwa hiyo Mazembe, timu iliyoipiga Internacional ya Brazil 2-0 na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwaka 2010 huwezi kuichagua. Wachezaji wa Kongo utawapata kwenye timu zao za Ulaya.

Njia inayobaki ni kuitengeneza. PES ya PS4, kuanzia 2016 hadi 2021, inaruhusu kuingiza picha za jezi na nembo kwa ufunguo wa USB (flashi), na kubadilisha majina ya wachezaji mmoja mmoja. Jioni mbili tatu na una jezi nyeusi na nyeupe ya Mazembe na mamba wake, na bluu na njano ya Cheminots, yaani Lupopo, upande wa pili. Ndiyo sababu moja ya kutokuuza PES 2021 yako hata ukinunua FC. Derbi ya mji huu ikichezwa sebuleni, watu hawakumbuki tena picha za FC mpya.

## Umeme, vumbi na mvua

17. Umeme ukikatika katikati ya gemu, Play inakufa?

Kukatika kwenyewe hakuiui mara nyingi. Kinachoua ni kurudi: umeme unaporudi kwa kishindo, volti zinapanda na kushuka kabla ya kutulia. Kwa hiyo ukikatika tu, chomoa kutoka kwenye prizi (soketi ya ukutani). Ukirudi, acha taa zikae dakika chache bila kupepesa, ndipo uchomeke. Stabilizata (kifaa cha kutuliza volti) kati ya ukuta na Play ni pesa iliyotumika vizuri kuliko maneti ya pili. Ralonji (waya wa kurefusha umeme) yenye taa nyekundu si stabilizata, hata kama muuzaji ameapa.

Usiiache kwenye hali ya kupumzika usiku. Zima kabisa. Na usichomoe wakati gemu inahifadhi. Ikiwa PS4 imezimika vibaya na sasa inakwamakwama, iwashe kwa kushikilia kitufe hadi mlio wa pili, unganisha maneti kwa waya, kisha chagua kujenga upya hifadhidata. Haifuti gemu zako.

Kwenye msimu wa mvua, Novemba hadi Aprili, radi ikianza kuunguruma chomoa kila kitu, pamoja na waya wa antena ya televisheni. Stabilizata haizuii radi.

18. Naweza kucheza kwa betri na paneli za jua?

Ndiyo, ukipiga hesabu. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya asidi, tumia nusu tu ili isife mapema: 600. Onduleri, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, inakula sehemu yake, zibaki kama 500. PS4 Slim na televisheni ya inchi 32 pamoja huzunguka wati 140. Hapo una saa tatu na nusu hivi, na usisahau kwamba mama anataka taa na simu zichajiwe.

PS5 ikicheza gemu nzito inakaribia wati 200 peke yake, kwa hiyo muda unapungua sana. Nunua onduleri ya wimbi safi. Zile za bei rahisi hufanya mashine na televisheni kulia.

Vumbi ni adui mwingine wa umeme huo huo. Kiangazi, udongo wetu mwekundu unaingia kila mahali, feni inashindwa, mashine inakula zaidi na kuchemka. Weka Play juu ya meza, ifunike ikiwa imezimwa tu, na ifunguliwe na fundi kila mwaka. Usiipeleke kupigwa upepo na pampu ya kujazia matairi: upepo ule una maji ndani na unazungusha feni kupita kiasi. Diski ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje, si kwa kuzungusha.

## Intaneti na akaunti

19. Nafungua akaunti ya PlayStation, lakini Kongo haimo kwenye orodha. Nifanyeje?

Kweli haimo. Watu huchagua nchi ambako wana jamaa, na hapo ndipo pa kufikiri kabla ya kubonyeza, kwa kuwa nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Kama anayekununulia kadi za zawadi yuko Ubelgiji, akaunti iwe ya Ubelgiji. Kadi ya Ufaransa haitaingia humo, wala ya Marekani. Fahamu pia kwamba masharti ya Sony yanataka nchi unayoishi kweli, kwa hiyo ni njia ambayo wengi hapa wanaipita kwa hatari yao wenyewe.

Kadi ya zawadi ni namba tu. Ukimlipa mtu usiyemjua kupitia kabini (kibanda cha pesa za simu) akutumie picha ya namba, huna pa kudai. Nunua kwa mtu unayemjua, na uiingize papo hapo.

Kwa kompyuta, Steam, duka la gemu la mtandaoni, ni rahisi zaidi: inapokea kadi ya Visa, na inarudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza saa mbili.

20. Kucheza mtandaoni kwa mega za simu kunawezekana?

Kucheza kwenyewe hakuli mega nyingi. Kinachokula ni masasisho. Zima masasisho ya kujipakua yenyewe, na upakue mara moja usiku kwa forfe ya usiku kama mtandao wako unayo, au kwa rafiki mwenye fibre.

Kuchelewa ndilo tatizo. Seva nyingi ziko Ulaya, na kutoka Lubumbashi mpira unafika mguuni baada ya adui kuupiga. Counter-Strike 2 na Dota 2 zina seva Johannesburg, na tofauti unaisikia. Kumbuka pia kwamba FC mtandaoni inataka PS Plus, usajili wa kulipia wa Sony, wakati Fortnite na eFootball hazitaki.

## Nyumbani

21. Mimi ni mama. Mwanangu haondoki kwenye Play. Na hiyo GTA ni ya watoto?

GTA si ya watoto, mama. Kwenye kasha la Ulaya kuna mraba wenye namba: 3, 7, 12, 16 au 18. Ni umri, si ugumu wa gemu. GTA ni 18. Gemu za mpira ni 3. Ukimtuma mjomba akuletee zawadi kutoka Brussels, mtajie namba hiyo.

Kuhusu kutoondoka: usichomoe waya katikati (tazama namba 17, utaiharibu mashine uliyoinunua mwenyewe). Kwenye gemu ya mpira mwambie «mechi hii ndiyo ya mwisho», kwa sababu mechi ina mwisho na dakika kumi hazina. Maneti ikae chumbani kwako siku za shule. Na mtoto aliye nyumbani kwako na Play yake ana usalama kuliko aliye chumba cha Play akiwa na yunifomu saa nne asubuhi.

## Yaliyokwama

22. PS4 yangu haisomi diski tena. Fundi anataka kubadilisha kisomaji chote.

Amebeba lenzi au bodi? Lenzi na mota zinaweza kubadilishwa, lakini bodi ndogo ya kisomaji lazima ibaki ile ya asili, kwa kuwa imeoanishwa na bodi kuu. Fundi anayejua atakwambia hivyo kabla hujamuuliza. Mwambie akuoneshe bodi ya zamani ikirudishwa ndani.

23. Nimeuziwa gemu tano «ndani ya akaunti» kwa bei ndogo. Sasa zina kufuli.

Ulinunua ruhusa ya kutumia akaunti ya mtu, si gemu. Alipoiwasha kwenye mashine nyingine kama mashine kuu, yako ikapoteza haki. Akaunti hiyo hiyo pengine ameiuza kwa watu kadhaa. Ukimpata, dai pesa. Sony haitakusaidia, maana kuuza akaunti kumekatazwa.

24. Eti madini yetu yamo ndani ya Play?

Ndiyo. Tantalumu inayotokana na koltani, ambayo Kivu inayo, hutumika kwenye kapasita ndogo za bodi. Kobalti ya Katanga, ambayo Kongo inatoa zaidi ya nusu ya ile ya dunia nzima, huingia kwenye betri za lithiamu kama zile za maneti na simu. Na shaba imo kwenye kila waya. Mashine inapita Kasumbalesa mara mbili, ya kwanza ikiwa mawe ndani ya lori, na ushuru ninaoulizwa mimi ni wa safari ya pili.

25. Maneti yangu inasogeza mchezaji peke yake.

Kijiti kimechakaa au kimeingia vumbi. Jaribu kwanza pombe ya kusafishia vifaa, tone dogo chini ya kijiti, ukizungusha huku maneti imezimwa, na iache ikauke. Ikirudia, kipande cha kijiti kinauzwa peke yake na kinachomelewa upya kwa dakika chache. Fundi akikwambia ununue bodi nzima ya maneti kwa ajili ya hilo, nenda kwa mwingine.